Folda Ambayo Mzee Zwicker Haifungui

Kazi yangu hapa ofisini Halifax ni kuwapokea watu wanaokuja kujaribu programu. Nawatundikia makoti, nawapa kahawa, kisha nakaa nao chumbani bila kusema kitu. Ndiyo sheria. Mjaribu akikwama, aachwe akwame, maana nyumbani kwake hatakuwa na wa kumwonyesha. Wenye programu wanakaa nyuma ya kioo, wanatazama.

Siku hiyo walikuwa wawili: Ardith Comeau, aliyebuni njia mpya ya kutafuta folda kwenye programu yetu ya barua pepe, na bosi wake Conrad. Nilipowapelekea kahawa Conrad alikuwa anasema, "Dada, wajaribu wote waliotangulia wamepotea. Huyu naye akipotea tunarudisha ile ya zamani, na wewe sijui nikuweke wapi."

"Huyu ataweza," Ardith akajibu.

Mjaribu alikuwa mzee Hollis Zwicker, dereva mstaafu wa magari ya kuondoa theluji. Alikubali kutumia barua zake mwenyewe. Tulimpa kazi moja tu: atafute folda yenye barua za fundi wa paa.

Akaandika "barua". Skrini ikamletea mistari sita: Barua, Barua, Barua, hivyo hivyo mpaka chini. Ndiyo tabia yake mzee. Ndani ya kila folda kubwa, iwe ya nyumba, ya kanisa au ya gari, ameweka ndogo akaiita Barua. Na Ardith alikuwa ameonyesha jina peke yake, bila kusema folda inakaa wapi.

"Mama yangu wee!" mzee akacheka. "Mapacha sita, na wote wamevaa sare."

Halafu kicheko kikakatika. Mkono ukaganda juu ya kipanya.

Sauti ya Conrad ikatoka kwenye spika ukutani. "Bofya yoyote tu, mzee. Hakuna kitakachoharibika."

"Kitaharibika. Moja hapa ni ya Corinne, binti yangu. Aliniandikia asubuhi, jioni wakanipigia simu kwamba amekufa barabarani. Ile barua sijaisoma."

"Mpaka leo?" Conrad akauliza.

"Nikiisoma atakuwa amemaliza kusema."

Nilimtazama jasho likimshuka nyuma ya sikio. Programu yetu ukifungua folda, barua ya juu inajifungua yenyewe. Alilijua hilo. Alisogeza kipanya kwenye mstari wa pili, akarudi wa kwanza, akashuka wa tano.

"Jaribu bahati yako, baba," Conrad akasema. "Muda unakwenda."

Kidole cha mzee kikaanza kushuka.

Spika ilikuwa bado wazi, nikasikia kiti kikianguka kule nyuma ya kioo. "Ardith! Ukiingia humo, jaribio limekufa. Unanisikia? Na wewe umekwisha!"

Mlango ukafunguka. Ardith akaja mbio, akamshika mzee kifundo cha mkono. "Toa mkono. Taratibu. Usiguse kitu."

Mzee akautoa kama anautoa kwenye mtego.

"Haya, hongera," Conrad akasema, spika ikazimika.

Ardith akapiga magoti kando ya kiti. "Nyumbani unaijuaje ya Corinne?"

"Kwa folda jirani zake. Iko chini ya ile ya harusi yake."

Ardith akachukua leso ya karatasi niliyomwekea mzee na kahawa, akachora mistari sita, na chini ya kila mstari maneno madogo: Nyumba. Kanisa. Gari. Harusi. Corinne. Wa sita akauacha mtupu. "Ingekuwa hivi?"

"Hivi hata mjukuu wangu wa chekechea angepata. Mbona hukuweka?"

Ardith machozi yakamtoka, akajifunika uso.

"Lia mwanangu," mzee akamwambia, "ila lia mbali na hicho kipanya."

Akacheka yeye peke yake.

Mistari sita bado ilikuwa pale, mshale umesimama juu ya mmojawapo. Hakuna aliyejua ni wa folda ipi, na hakuna aliyethubutu hata kuifunga programu. Nikainama chini ya meza, nikatafuta waya wa umeme wa kompyuta, nikauchomoa ukutani.