Kiti cha Mpiga Pasi

Kila jioni bibi alichemsha maji, akayapoza kwa maji ya bomba mpaka kiwiko chake kiridhike, akatia chumvi ya kiganja kimoja, kisha akamwambia binti yake atumbukize miguu kwenye beseni. Binti alikuwa mpiga pasi katika kiwanda cha kufua mashuka ya mahoteli. Alipiga pasi akiwa amesimama tangu milango inafunguliwa hadi inafungwa, na akirudi nyumbani kamba za viatu zilikuwa zimemchora miguu kama mtu aliyefungwa akafunguliwa. Wapiga pasi wote walikuwa wameomba viti virefu, vile vya kuegemea tu, wala si vya kulala. Msimamizi alisema suala hilo linashughulikiwa. Lilikuwa linashughulikiwa tangu mjukuu yuko tumboni, na sasa mjukuu huyo alikuwa ameng'oka meno mawili ya mbele.

Mjukuu waliyemwita Chiriku, kwa sababu ya maneno yake mengi, ndiye aliyeleta habari za duka la soseji.

"Bibi, mwalimu wetu wa hesabu jana alikwama darini."

"Dari ya wapi?"

"Ya duka la hotdogi. Alikula ile ya kuku na limau."

"Alikuwa amevaa sketi?"

"Suruali."

"Basi afadhali," bibi akasema, akaendelea kusugua kisigino cha binti yake.

Duka lenyewe lilikuwa jirani na kituo cha mafuta, mahali palipokuwa pa fundi viatu kabla hajahama. Halikuwa la vitambaa vyeupe mezani. Ulipanga foleni, ukachagua soseji yako kwenye kabati la kioo, mchomaji akaiweka juu ya makaa mbele ya macho yako, ukapewa hotdogi ndani ya karatasi na ukajitafutia pa kukaa. Lakini soseji hizo mchomaji alizisaga na kuzijaza mwenyewe: za ng'ombe na pilipili manga, za kondoo na kitunguu saumu, za kuku na limau. Mkate aliupaka siagi upande wa ndani akaubanika kidogo, ukawa mkavu kwa ndani na laini kwa nje. Vitunguu alivikaanga taratibu asubuhi nzima mpaka vikawa na rangi ya asali. Aliyeuma na kuipenda kweli, aliinuka kwenye kiti. Wengine walipanda kimo cha kitabu, wengine walikwenda hadi juu. Mchomaji hakulitangaza jambo hilo. Alizifunga meza kwa misumari sakafuni, akapigilia sponji za magodoro darini, akaning'iniza kamba yenye ndoano kwenye kila kiti, na karibu na mlango akaandika: TAFADHALI USISHUKE JUU YA MTU.

Bibi alikuwa na wiki mbili hajalala vizuri kwa hamu. Haikuwa hamu ya kupaa yeye. Alitaka kuiona miguu ya binti yake ikiwa haikanyagi kitu.

Walikwenda Jumapili mchana. Bibi alivaa gauni lake la bluu, na chini ya gauni akavaa suruali, kwa sababu mtu hajui atapanda kiasi gani. Chiriku aliruka njia nzima. Binti alivaa viatu vyake vya kazi na kuvifunga kamba imara, kwa kuwa Jumapili ilikuwa siku yake ya mapumziko, lakini ya mapumziko ya simu. Hivyo ndivyo kiwanda kilivyopumzisha watu wake. Mashuka yakizidi, msimamizi alipiga simu, na asiyepokea kabla haijakata alipoteza zamu za wiki nzima, akapewa mwingine.

Foleni ilifika nje. Kila mara mlango ulipofunguliwa, harufu ya vitunguu ilitoka kuwapokea, na watu wakasogea hatua moja hata kama hakuna aliyeondoka.

"Karibu, shangazi," mchomaji akasema. Wanawake wote aliwaita shangazi, hata Chiriku. "Ni mara ya kwanza?"

"Mara ya kwanza. Nina shinikizo la damu. Unadhani nitafika wapi?"

Mchomaji akamtazama vizuri, kama mtu anayepima kitambaa. "Wa rika lako wengi wanafika kwenye saa." Akaonyesha saa ya ukutani.

"Saa inanitosha."

"Mimi nataka kwenye sponji!" akasema Chiriku.

"Kula polepole, shangazi mdogo. Wiki iliyopita kuna mmoja alipanda na mchuzi wa nyanya, mpaka leo tunausugua pale juu."

Walipata meza karibu na fundi bomba, mtu mpana mwenye kaptura, aliyekuwa akielea juu ya kiti chake amelala chali, hotdogi kifuani, akitafuna kwa utulivu. Aliwasogezea chupa ya haradali kwa kidole cha mguu na kuomba radhi kwa kutotumia mkono.

Bibi alimfunga Chiriku ndoano kiunoni. Alimuwahi kidogo tu. Mtoto aliuma mara moja tu, akapaa kama puto, kamba ikakaza, na kutoka darini wakasikia sauti yake ikieleza kila kitu anachokiona: upara wa mchomaji, vumbi juu ya friji, ndala ya mtu. Bibi naye akauma. Ilikuwa ya kondoo. Kitunguu saumu kikamfika puani, siagi ikamteleza kidevuni, na kitu kikamnyanyua kwapani kwa adabu, kama kijana anayempandisha mzee ngazi. Alifika chini kidogo ya saa. Kiatu kimoja kilimvuka. Fundi bomba alikidaka na kukiweka mezani upande usio na chakula.

"Eh!" bibi akasema. "Kumbe ndivyo!"

Kisha akatazama chini, akamwona binti yake amekaa.

Binti alikuwa anakula. Alikuwa amefika katikati ya hotdogi ya ng'ombe, yenye vitunguu vingi, lakini alitafuna kama mtu anayesaini karatasi. Nyayo zake mbili zilikuwa zimebandikwa sakafuni, magoti yamekaa tayari kuinuka. Simu ilikuwa kando ya karatasi, uso juu. Kila tonge alilolimeza aliitazama.

Bibi alisubiri mpaka akashuka. Ilichukua muda, maana ladha ya kondoo haina haraka.

"Mwanangu, mbona huli?"

"Nakula, mama."

"Unameza. Kula ni kitu kingine."

"Nikipanda nisisikie simu je?"

"Nipe mimi."

"Mama..."

"Nipe. Nimekulea miaka yote hiyo, simu itanishinda? Ikilia, nitakuvuta."

Binti akampa. Bibi akaitia mfuko wa gauni, kisha akapiga magoti chini ya meza na kuanza kufungua kamba za viatu vya binti yake, moja baada ya nyingine, halafu akamfunga ndoano kiunoni. Mchomaji alikuwa ameona. Alikuja na koleo lake, akaichukua ile nusu hotdogi iliyopoa, akarudi na nyingine nzima inayotoa moshi, vitunguu vimerundikwa mpaka mkate hauonekani.

"Hii ni ya nini? Sijaagiza," binti akasema.

"Ile ilipoa, shangazi. Soseji iliyopoa si haki."

Binti akauma. Akafumba macho. Akauma tena, kubwa zaidi, haradali ikampaka shavuni na asiifute. Nyayo zikabanduka sakafuni, kwanza visigino, halafu vidole. Alipanda wima, taratibu, kama mkate unavyoumuka. Alipita saa. Alipita Chiriku, aliyekuwa ameanza kushuka na akampigia makofi. Akafika kwenye sponji, akaegemeza kichwa.

Duka zima lilitazama juu, likaiona miguu ile: ilivyovimba, mistari ya kamba ilivyokatisha katikati, gamba gumu chini ya vidole. Mwanamke mmoja aliyekuwa karibu na feni aliigeuza ikamwelekea binti, upepo ukampita kati ya vidole, na binti akacheka. Bibi hakuwa amekisikia kicheko hicho tangu binti alipoajiriwa. Moyo ulimwenda mbio hata akakumbuka shinikizo lake, akaamua kulisahau. Polepole, mbele ya macho ya watu, mistari ya kamba ikaanza kufutika.

Simu ikalia.

Bibi aliitoa mfukoni na kuitazama. Akamtazama binti yake, aliyekuwa amefumba macho na kulamba kidole. Simu ikalia tena. Chiriku alinyamaza, jambo ambalo lilisikika duka zima. Bibi alipokea.

"Yuko wapi mpiga pasi?" msimamizi akauliza.

"Yuko juu."

"Ghorofa ya ngapi?"

"Hakuna ghorofa. Yuko juu tu. Anakula hotdogi."

"Aaa. Ya kuku au ya ng'ombe?"

"Ya ng'ombe."

"Hizo zinachelewa kumshusha mtu. Mlete hivyo hivyo, mama. Harusi nzima imelala hotelini, mashuka yamefika dirishani."

Kwa hiyo walimpeleka hivyo hivyo. Mchomaji aliwapa kamba ndefu zaidi. Bibi alishika ncha, Chiriku aliongoza njia akipiga kelele "Waya! Waya!" kila walipokaribia nguzo ya umeme, na fundi bomba akaja nyuma amebeba viatu, ingawa nyumbani kwake kulikuwa upande mwingine. Binti alielea juu yao, hotdogi mkononi, akimalizia. Mtu mmoja aliyekuwa akianika nguo kwenye roshani ya ghorofa ya pili alimpa glasi ya maji alipopita, na Chiriku akakimbia kuirudisha ikiwa tupu. Ilikuwa safari nzuri. Bibi alisema baadaye kwamba hajawahi kutamani kiwanda kiwe mbali kama siku ile.

Kiwandani mvuke ulikuwa umejaa. Wapiga pasi walikuwa wamesimama kwenye mstari wao, kila mmoja na meza yake.

"Umekula nini wewe?" jirani yake akamuuliza.

"Ng'ombe."

"Na vitunguu?"

"Vingi."

"Usiniambie."

Msimamizi alimfunga kamba kwenye mguu wa meza, akaipima mpaka mikono ilipofika kwenye pasi sawasawa. Hakuwa mtu mbaya. Alimuuliza bibi hali ya shinikizo, akamtafutia Chiriku pipi. Kisha akasimama akimtazama binti anavyopiga pasi bila kukanyaga chini, na uso wake ukachanua kama wa mtu aliyetua mzigo wa siku nyingi.

"Mama, umetusaidia sana. Lile suala la viti limekwisha."

"Limekwishaje?"

"Anayeelea hahitaji kiti."

"Na hawa wengine?"

"Na wao wale hotdogi."

Jumatatu mchana bibi alikwenda kiwandani na kikapu. Mchomaji alikuwa amezifunga hotdogi mojamoja kwa karatasi mbili ili zisipoe. Wapiga pasi walizila palepale, wamesimama, mkono mmoja kwenye mkate na mwingine kwenye pasi, kwa sababu pasi ikiachwa shuka linaungua. Walishukuru sana. Mmoja alimbusu bibi mkono. Lakini hakuna aliyeinuka hata kimo cha sarafu, wala binti mwenyewe. Bibi alijaribu tena Jumanne, na ya kondoo, ikawa vilevile. Alimweleza msimamizi. Msimamizi alisikitika, akasema suala lililofungwa kulifungua tena ni kazi kubwa.

Bibi akarudi kwenye maji ya moto na chumvi. Ila kila Jumapili, wanakwenda dukani. Bibi anashika simu mkono mmoja na kamba mkono mwingine. Mchomaji huiweka soseji ya binti motoni mara tu anapowaona wakikata kona kuja kwenye foleni, na mwanamke wa feni, akiwepo, huigeuza feni bila kuombwa. Binti hupaa hadi kwenye sponji, na pale pamefanyika shimo dogo la kisogo chake.

Jumapili moja msimamizi alikuja kula. Duka lilikuwa limejaa, na viti vyote, vilivyokaliwa na vile ambavyo watu walielea juu yake, vilikuwa na wenyewe.

"Nipatie kiti, ndugu yangu," alimwambia mchomaji. "Nimesimama kwenye foleni, miguu inaniua."

Mchomaji alimletea kiti papo hapo, kutoka nyuma, akakipangusa kwa aproni. Msimamizi akakaa kwenye meza ya bibi, akamsalimia vizuri, akanyoosha miguu. Aliuma soseji yake ya kuku na limau, akatikisa kichwa kwa utamu, akapanda kidogo, akashuka. Kisha akakumbuka jambo, akatoa simu na kubonyeza.

Simu ikalia mkononi mwa bibi.

Bibi alimtazama msimamizi. Msimamizi alitazama juu, kwenye nyayo mbili zilizokuwa zimeanza kufutika mistari, akatazama pembeni. Bibi akapokea.

"Mashuka yamezidi," msimamizi akasema kwenye simu, akiwa hapo hapo mbele yake.

"Anakuja," bibi akajibu, naye kwenye simu.

"Asiharakishe sana, mama. Asije akajigonga."

Bibi akaiweka simu mezani, akajifunga kamba vizuri kwenye kiganja, akaanza kuvuta polepole.