Godoro la Marehemu

Msusi aliporudishwa nyumbani kutoka kituo cha homa, jirani wa mlango wa kwanza aliwaita wanawe ndani akafunga dirisha, na joto lote lile. Wa mlango wa pili hakufunga. Alitema mate chini, akaendelea kuanika nguo zake.

"Mama huyu amepona," bwana afya aliyemleta alitangaza kwa sauti ya kusikika uani kote. "Hana ugonjwa tena, wala hawezi kumwambukiza mtu."

"Na mumewe naye amepona?" jirani akauliza, na kibanio cha nguo mdomoni.

Mumewe alikuwa dereva wa gari la kukodi. Alimbeba abiria aliyekuwa akitapika damu, wenzake wote walipomkimbia, akamfikisha hospitali, kisha akaliosha gari kwa mikono mitupu. Haikuchukua muda homa ya kutoka damu ikamwangusha. Mkewe alimuuguza kitandani mpaka gari la wagonjwa likaja kuwazoa wote wawili. Yeye alitoka hai. Mume alizikwa na watu waliovaa plastiki toka utosini hadi miguuni, katika kaburi ambalo mjane alikuwa hajalitia machoni.

Ndani, harufu ya dawa ilimkaba koo. Mapazia yalikuwa yamechomwa, mashuka yamechomwa, nguo za marehemu zimechomwa. Kitanda kilibaki mbao tupu.

"Na godoro mmelichoma?"

"Godoro hatukulikuta," bwana afya alisema. "Wapuliza dawa walidhani hamkuwa nalo."

Msusi alishika ukingo wa kitanda. Godoro lilikuwepo. Mumewe alilitapikia usiku kucha, naye akalifuta kwa kitambaa huku analia. Na ufunguo wa pili wa nyumba ile alikuwa nao mtu mmoja tu duniani: wifi yake.

Wifi alikuwa dobi, na mtaani walimwita Kiberiti, kwa kuwa hakuhitaji kusuguliwa mara mbili ndipo awake. Yeye na msusi hawakuiva chungu kimoja tangu siku ya posa. Kaka yake alipougua, Kiberiti alisimama mlangoni akapiga kelele kwamba amelishwa sumu. Na wahudumu walipokuja kuuliza ni nani aliyeingia kwa mgonjwa, aliapa mbele ya umati kwamba hakuna wa ukoo wake aliyekanyaga hapo.

Acha alale, moyo ulimwambia msusi. Alilala na uongo wake, basi na alale na godoro lake. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Nje, bwana afya alikuwa ameshapanda pikipiki. Msusi alimsikia akiipiga teke iwake, ikakataa, akaipiga tena. Ndipo alipomkumbuka mama mkwe. Kiberiti na mama yake walikaa chumba kimoja. Bibi yule mkali, aliyewagombeza wote wawili bila upendeleo, mgongo ulimsumbua, na kitanda chake kilikuwa cha kamba.

Msusi alitoka mbio. "Bwana afya! Ngoja! Najua lilipo."

Walimkuta Kiberiti uani, anapiga pasi chini ya kamba za nguo za watu. Alipomwona wifi yake, hakuitua pasi.

"Umefuata nini? Umemaliza kwako, sasa umekuja kwetu?"

"Wifi, godoro la kaka yako liko wapi?"

"Ooh! Hata matanga hayajapoa, mjane ameshaanza kudai vyombo!"

"Simdai mtu. Lina ugonjwa. Linatakiwa lichomwe."

"Ugonjwa unao wewe!" Kiberiti sasa alipaza sauti kwa ajili ya majirani, na majirani hawakukawia. "Jamani, mtazameni! Kamuua kaka yangu, yeye kanenepa! Homa gani hiyo inayochagua ndugu na kumwacha mke?"

"Hiyo nayo tuulizeni," mwanamume mmoja alidakia. "Tangu waje hawa na magari yao, watu wanaingia wazima wanatoka maiti."

Bwana afya alijaribu kueleza. Jiwe la kwanza liligonga taa ya pikipiki yake. La pili lilimpata msusi begani. Hakulia. Alimpita wifi yake, akasukuma mlango, akaingia.

Mama mkwe alikuwa amelala juu ya godoro la mwanawe. Macho yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyepuliza moto wa kuni mbichi. Msusi hakuhitaji kipima joto. Aliusikia mwili ule ukiwaka kabla hajaugusa.

Kiberiti aliingia nyuma yake. Sauti ilikuwa imemshuka. "Ni malaria. Nimempa dawa."

"Tangu lini?"

"Juzi." Kisha akawaka upya. "Sikuliiba! Kaka alimwahidi mama godoro. Alisema akipata jingine hili atampa. Ulitaka mama aendelee kulala kwenye kamba, nyie mmelala kwenye sponji?"

Njia nzima msusi alikuwa amejiandaa kupambana na mwizi.

"Hatoki hapa," Kiberiti alisema, akasimama mlangoni na pasi yake. "Nikimtoa hatarudi. Nawajua."

Kitandani, bibi alikohoa. "Wewe, weka pasi chini, utaunguza nguo za watu. Na wewe," alimgeukia msusi, "umekonda kama ufito, nani kasema umenenepa? Kelele zenu zimenichosha. Niitieni hilo gari. Nikifa, nife mahali penye utulivu."

Gari lilikuja, mawe yakalisindikiza mpaka barabara kuu. Godoro lilichomwa uani. Moshi wake mweusi ulitanda juu ya kamba za nguo, na wateja wa Kiberiti waliokuja kuchukua mashati yao siku ile hawakurudi tena. Yeye mwenyewe alipelekwa kwenye banda la waliogusana na wagonjwa, kando ya wodi, akatengwa nayo kwa ua wa wavu. Kila asubuhi alipimwa joto, na kila asubuhi alimtukana aliyempima.

Msusi aliomba kubaki kituoni. Waliopona waliruhusiwa kuwahudumia wagonjwa, maana mwili uliokwisha kupigana na homa ile na kuishinda haushikwi nayo tena upesi. Isitoshe, mtaani hapakuwa na kichwa kilichotaka kuguswa na mikono yake. Alimlisha mama mkwe uji kwa kijiko, akambadilisha nguo, akamfuta damu iliyoanza kutoka kwenye fizi.

"Kijiko hicho unamlisha kuku?" bibi alimfokea. "Jaza."

Akajaza. Kesho yake bibi hakumeza tena. Ng'ambo ya wavu, Kiberiti alisimama juani kutwa nzima, akiangalia mlango asioruhusiwa kuupita, na kila msusi alipotoka kumwaga maji alikutana na macho yale.

Bibi alifariki mchana, wahudumu wakiwa wanabadilishana zamu. Msusi alivua glavu, akanawa, akaenda mwenyewe hadi kwenye wavu. Kiberiti alimtazama usoni, akajua.

Hakupiga yowe. Alishika wavu kwa vidole vyote kumi. "Ungenyamaza, angefia nyumbani, mikononi mwangu."

"Ningenyamaza, ungemfuata."

"Nani alikuomba uniokoe?"

"Hakuna."

Kisha Kiberiti akauliza, huku anatazama pembeni, "Alisema nini?"

Msusi alifikiri kumpunguzia, akaona haifai. "Alikuwa haoni vizuri. Alikuita wewe. Nikaitika."

"Uliitikaje?"

"Nilisema, abee mama."

"Mimi simwitikii abee." Aliutikisa wavu. "Tangu utotoni namwambia 'nini tena?' Na yeye ananitukana. Angejua kwamba si mimi."

"Pengine alijua."

"Basi alikufa akijua mimi sipo."

Msusi alinyoosha mkono kuelekea kwenye wavu. Kiberiti akarudi nyuma kana kwamba amesogezewa kaa la moto.

"Usiniguse. Nikitoka hapa, tukikutana njiani, pita upande wako."

"Nitapita."

Homa haikumpata. Siku aliyoruhusiwa kutoka, Kiberiti alivuka uwanja wa kituo bila kugeuka nyuma, bila kumuaga mtu, amebeba ndala za mama yake zilizochovywa kwenye dawa mpaka rangi ikatoka. Langoni alipishana na gari la wagonjwa lililokuwa likiingia, kioo chake cha mbele kikiwa kimepasuliwa na jiwe. Alisimama akalitazama. Kisha akaondoka, na ndani ya wodi wakamwita msusi aje kushika machela upande wa miguuni.