Usingizi Tuliompa Jicho

Kiwanda kilipokuwa mjini nilikuwa na ndoa. Watu wanadhani ndoa huliwa na pombe, au na mwanamke wa nyumba ya tatu. Yangu ililiwa na barabara, na barabara haina nywele za kushikana nayo.

Mume wangu ni mwokaji mikate. Hukanda unga wakati wengine wamelala, akarudi asubuhi na nyusi nyeupe kama mzee. Mimi ni fundi wa kola. Shati hupita mikono mingi, lakini shingo ni yangu. Siku zile nilikuwa natoka kazini kwa miguu, namkuta ndiyo kwanza ameamka, na tunapata kipande cha jioni kabla hajaenda kwenye tanuri lake. Hakikuwa kirefu. Yeye anajichokoa unga kwenye kucha, mimi nimeloweka miguu kwenye beseni, tunawasema majirani, tunacheka. Na mengine ya mke na mume ambayo watu wazima hawahitaji kuchorewa.

Kisha kiwanda kikahamishiwa nje ya mji. Mimi sisahau. Hata tai aliyovaa meneja siku ile naikumbuka, ya bluu, imekaa upande. Alisema kule hewa ni safi. Alisema tutapewa basi la bure. "Mtakaa tu kwenye viti, mtaletwa kama mabibi harusi." Tukapiga makofi. Bibi harusi gani anayeletwa kila siku, na kila siku anarudishwa?

Na basi lilikuwa zuri, hilo ndilo lililonichoma zaidi. Kila mtu na kiti chake, mapazia madirishani, hakuna kusukumana. Ungelalamikia nini? Ulaini wa kiti? Lakini barabara ya kutoka mjini ni moja, na malori yote ya dunia yameiona hiyo hiyo. Tulipanda giza halijaondoka, tukashuka giza limesharudi. Jua tuliliona kupitia vioo vya kiwanda, kama mgonjwa anavyoona wageni. Wanawake tuliacha kunywa maji tangu mchana, maana basi halisimami njiani. Bi Mkasi, mkataji wetu mkuu, mama wa makamo asiye na breki mdomoni, alipoanza kuumwa kiuno daktari akamwambia anywe maji mengi. Akamjibu, "Nitakunywa, baba. Na wewe utakuja kunishikia ndoo ndani ya basi?"

Nyumbani, mimi na mume wangu tukawa tunaachiana kitanda kama watu wa zamu wanavyoachiana mashine. Nikifika, ameshaondoka, akifika, nimeshaondoka. Nilimfahamu kwa bonde aliloacha kwenye godoro. Tulikuwa tumepanga kupata mtoto mwaka ule. Mama mkwe akanipigia simu, "Mwanangu, mjukuu wangu yuko wapi?" Nikamwambia, "Yuko kwenye foleni, mama. Akivuka malori atafika." Alicheka, mimi nikakata simu nikalia.

Sasa nimlete Jicho.

Jicho ni mdogo wake mume wangu, shemeji yangu mwenyewe, fundi wa kutengeneza cherehani pale pale kiwandani. Jina hilo alipewa na basi. Jioni basi zima linalala, vichwa vinaning'inia kama kuku sokoni, na ukipitiliza kituo chako utajikuta mwisho wa mji, urudi kwa miguu. Kwa hiyo tulihitaji mtu wa kukaa macho. Yeye akajitolea. Alisimama kwenye ujia, mkono mmoja kwenye chuma cha juu, na kila tulipokaribia kituo alimgusa mwenye kituo chake begani. "Bi Mkasi, kwako. Vifungo, dada, amka, kwako." Basini tuliitana kwa kazi zetu. Mimi aliniamsha kwa utani wa shemeji na shemeji. "Kola! Amka, mume ameshakukimbia." Namjibu, "Akinikimbia nitakuchukua wewe, ingawa hujui hata kupika chai." Basi linacheka, linalala tena.

Hakukosea kituo cha mtu hata siku moja. Kumpa mtu usingizi wako si jambo dogo. Mtu uliyempa usingizi unampa na vingine bila kujua. Kwa hiyo tulipotafuta mtu wa kutusemea mbele ya meneja, hakuna aliyewaza mara mbili. Hatukumchagua kwa maneno, Jicho hana maneno. Tulimchagua kwa sababu alikuwa macho.

Hilo ndilo kosa letu, la watu wa basi. Hatukujiuliza yeye anapata wapi nguvu ya kutokulala.

Madai yetu yalikuwa mepesi. Pale getini kuna mashine ya kidole: unaweka kidole, siku yako ya kazi inaanza. Tulisema mashine hiyo ifungwe mlangoni mwa basi. Tukipanda, tuwe tumeingia kazini. Barabara ni yao, wao ndio walioirefusha, basi waibebe. Hilo likikubaliwa, tunatoka mapema, na mimi nafika nyumbani mume wangu akiwa ndani. Wengine walipigania migongo yao, wengine watoto wao. Mimi nilipigania kipande changu cha jioni, na sikuona haya kusema. Bi Mkasi alilitangazia basi zima, "Tumsaidieni Kola, jamani, mwenzenu ana mume wa picha!"

Mpango tuliupanga njiani, kabla usingizi haujatubeba. Siku ya siku basi likifika getini, hakuna kushuka. Tunakaa kwenye viti vyetu laini hadi meneja aje mwenyewe. Jicho alisikiliza kila neno, akauliza maswali mazuri. Nani atakaa mlango wa mbele? Dereva ameambiwa? Tukamwona ana akili.

Siku ya mapumziko ya mume wangu nilimweleza yote. Alikuwa ananikanda miguu. Akahamia mguu wa pili, akasema, "Mungu awatangulie." Nikaona nimeolewa na mtu.

Asubuhi ile tulifika getini kukiwa ndiyo kwanza kunapambazuka. Dereva akafungua mlango. Hakuna aliyesimama. Mlinzi akachungulia, "Vipi, leo mmefia humo?" Bi Mkasi akamjibu, "Tumeolewa humo. Kamwite bwana yako alete mahari." Tukacheka kwa woga, kicheko kile cha kushikana mikono kati ya viti.

Punde mlinzi akarudi, akasema meneja anataka kuongea na mwakilishi. Mmoja tu.

"Jicho, nenda," tukasema. "Nenda, mdomo wetu."

Akashuka. Pale kwenye ngazi aligeuka akanitazama mimi, si mwingine. Nilimwinulia kidole gumba. Akaingia getini, geti likafungwa nyuma yake. Tukangoja. Kisha mlango wa basi ukajifunga taratibu, injini ikanguruma, na dereva akaanza kugeuza gari.

"We dereva, unatupeleka wapi?" Bi Mkasi aliuliza.

Dereva hakugeuka. "Nimeagizwa, mama. Wamesema mnapenda basi, basi mkae humo mpaka mlikotoka. Wanaotaka kazi kesho wapande tena, mmoja mmoja, na kila mmoja akifika aombe radhi kivyake."

Tuligonga vioo. Vifungo alilia kwamba Jicho amebaki peke yake mle ndani, watamfanya nini? Basi zima lilimhurumia! Nataka mlikumbuke hilo kama ninavyolikumbuka mimi. Tulirudishwa barabara yote ile kama mzigo uliokataliwa, na njia nzima tulikuwa tunamwombea.

Tulishushwa wote kituo kimoja, kile ninachopandiaga mimi. Wenzangu wakakaa ukingoni mwa barabara kujadiliana. Mimi nikasema nakimbia nyumbani mara moja, mume wangu asije akasikia mtaani akashtuka, nitarudi. Ukweli ni kwamba hata katika hasira ile kulikuwa na kitu kinaruka kifuani mwangu. Mchana mweupe, na mume wangu yuko nyumbani. Nilitembea kama msichana.

Nikasukuma mlango.

Muda ule hulala kama gogo, mdomo wazi, shuka kichwani. Lakini alikuwa amekaa mezani, ameoga, amevaa shati nililomshonea mwenyewe. Kitanda kimetandikwa. Mezani chupa ya chai, mkate, na vikombe viwili.

"Karibu, mke wangu," akasema. "Nilidhani mngefika mapema kidogo. Malori?"

Nilisimama pale pale mlangoni. Mkono wangu ulikuwa bado kwenye kitasa.

"Nani alikwambia tunarudishwa?"

Akatazama vikombe.

"Nakuuliza wewe. Nani alikwambia?"

"Kaa kwanza tuongee kama watu wazima."

"Nitakaa ukishanijibu."

"Mdogo wangu," akasema. "Lakini nisikilize kabla hujapandisha. Hakuna aliyefukuzwa kazi. Aliwaomba wasifukuze mtu, hata kwa hilo mshukuru. Nyuma ya kiwanda wamejenga nyumba, unazijua, zile za bati jekundu. Yeye amepewa moja, anakuwa msimamizi wa mafundi. Akasema bila shemeji hahamii. Wametupa na sisi moja. Vyumba viwili. Na jiko la wafanyakazi linataka mwokaji wa mchana. Wa mchana, unasikia? Utatoka mashineni, hatua chache, umefika, nami niko ndani. Jioni nzima. Si ndicho ulichokitaka?"

Nisiwadanganye. Niliviona vile vyumba. Nilimwona yeye ndani yake, bila unga kwenye nyusi, nikamwona na mtoto amelala kifuani kwake. Kwa muda wa pumzi moja nilihamia kule, nikatundika na pazia. Kisha nikaliona basi kupitia lile pazia. Likifika kila asubuhi, na Bi Mkasi anashuka ameshika kiuno, na mimi ndiyo kwanza najinyoosha kitandani.

"Ulikubali lini?"

"Siku nyingi kidogo."

"Kabla ya siku uliyonikanda miguu?"

Akasogeza kikombe kimoja mbele ya kiti changu.

"Ukanikanda miguu ukaniambia Mungu awatangulie."

"Ningekwambia nini? Ungekataa!"

"Kwa hiyo ulijua ningekataa."

"Tunaonana lini mimi na wewe nikuulize jambo?" Sasa naye alisimama, sauti imepasuka. "Naishi na shuka! Naongea na viatu vyako! Mwanamke, nimechoka kuoa harufu. Yule mdogo wangu amekuja amekaa hapo ulipo, akasema kuna njia ya kumrudisha mkeo. Nikaichukua. Mwanamume gani asingeichukua?"

Hapo alinipata. Siwezi kusema hakunipata. Kila alichosema juu ya shuka na viatu ningeweza kukisema mimi, kwa maneno hayo hayo. Ndiyo maana nasema barabara ile ni mwizi wa hali ya juu: haikuiba kitu chetu, ilituiba sisi, kisha ikatutuma tukaibiane.

"Nimewapa wale watu wote neno langu," nikamwambia. "Nimeshikana nao mikono leo asubuhi. Shemeji yangu amewauza, na mume wangu amepokea fungu langu la bei. Kwa ajili yangu. Kwa jina langu."

"Watakusahau. Mwezi mmoja tu."

"Mimi sitawasahau."

Akamimina chai kwenye vikombe vyote viwili, nyingine ikaenda mezani. "Kunywa," akasema, kwa upole ule wake ninaoupenda mpaka leo. "Umetoka mbali. Leo tuna siku nzima. Kesho tutagombana."

Sikugusa kikombe. Nilivuta mlango nyuma yangu, si kwa kishindo, majirani wasipate cha kula.

Pale kituoni walikuwa wamepungua. Waliobaki walikaa ukingoni mwa barabara, viatu wamevua, Bi Mkasi katikati yao. Vifungo alinikimbilia. "Kola, umepata habari za shemeji yako? Wamemfanya nini?"

"Wamempa nyumba," nikasema.

Nikawaeleza yote, nimesimama, mbele yao. Usimamizi, bati jekundu, mwokaji wa mchana. Sikumficha mume wangu, wala sikuficha kwamba nyumba ya pili ni yangu. Maneno yalikuwa machungu kama nimetafuna dawa.

Vifungo ndiye aliyekuwa wa kwanza. "Familia nzima!" akasema. "Na sisi tunakuchekea huko kwenye basi, kumbe mnagawana!" Akatema mate karibu na miguu yangu, akaokota viatu vyake, akaenda. Ningekuwa yeye nisingetema karibu, ningelenga. Wengine wawili wakamfuata bila kuniangalia.

Bi Mkasi alinitazama kama anavyotazama kitambaa kabla hajakitia mkasi, akitafuta uzi uliopotoka.

"Mumeo yuko nyumbani sasa hivi?" akauliza mwishowe.

"Yuko."

"Yuko macho?"

"Yuko macho. Ameoga. Amepika chai."

"Na wewe uko hapa."

"Niko hapa, mama."

Akasonya, sijui alimsonya nani kati yetu wote. Kisha akajisogeza, mkono kiunoni, akaniachia nafasi pembeni yake kwenye saruji. Nikakaa. Tukaanza kuulizana nani kesho atapanda lile basi, na nani hatapanda.