Upepo Shingoni mwa Suqin

…na uso wake umezama ndani ya tundu la kitanda cha matibabu, haoni kitu ila vigae vyeupe vya sakafuni na ncha za raba za Lijuan, binti wa fiziotherapia, raba zenye matope, kumbe mvua ya Suzhou haijakata, "Pumua, shangazi, usijikaze," na vidole vinashuka taratibu kutoka kisogoni kuelekea mabegani, vinatafuta, vinatafuta, lo! hapo, hapo hapo, hapo ndipo upepo ulipoingilia, na aliyeuingiza ni nani kama si mama mkwe, yule kizee ambaye Genlin anataka kumtoa kituo cha wazee aje akae nao, Genlin mumewe, yuko hapo nje kwenye benchi anangoja jibu, kituo kinataka kujua leo, mama anabaki au anachukuliwa, na Suqin amekwisha kusema habebi mzigo huo, mwenye macho na aitazame shingo hii… maana mzazi aliyetoka kujifungua hatii maji kichwani mwezi mzima, upepo utamwingia mwilini, nani asiyejua, madirisha yamefungwa, soksi miguuni na kiangazi kimepamba moto, jasho, maziwa, mtoto analia, nywele zinawasha mpaka Suqin naye akalia, ndipo yule mama mkwe akaingia na beseni, akarudisha mlango, "Nyamaza, mwanangu, majirani wakisikia watanila nyama," maji ya tangawizi, vuguvugu… halafu shingo ikaanza kuuma, na mtaa mzima ukasema, si unaona, upepo huo, akajifunga shali, akabandika plasta za dawa, akaacha kabisa kugeuza kichwa, ukimwita anageuka mwili mzima kama lori…

"Upepo gani tena, shangazi?" Lijuan anacheka, kwani amesema kwa sauti? "Si unatarizi wewe? Kutwa umeinamia kiwambo?" Tangu usichana, anajibu ndani ya tundu, samaki wa dhahabu, mkia wake uzi wa hariri mwembamba kuliko unywele, ukipiga chafya umeharibu. "Basi ndiyo hiyo. Kichwa kizito, ukikisogeza mbele misuli hii ya nyuma ndiyo inayokibeba, mchana kutwa, inachoka, inakakamaa. Na kutogeuka kwako ndiko kumeimaliza nguvu. Picha tumeziangalia, mifupa yako haina neno. Inua kiwambo, nyanyuka kila mara, rudisha kidevu nyuma hivi, pole pole, kila siku, italegea." Lakini nilioshwa nywele uzazini! "Hata mimi niliosha, tena kwa shampuu. Mama mkwe wangu nusura azimie."

Anacheka, yule binti, anacheka tu, na mikono yake ina moto, vigae vinayeyuka huko chini, vinakuwa maji, samaki wanapita mmoja mmoja wakikokota mikia, na maji yananukia tangawizi, kiganja kimekinga kisogo chake kichwa kisizame, kiganja kikavu cha mtu aliyejua atakayosemwa na bado akabeba beseni, hakuna mwingine aliyejali kwamba anawashwa, hata mama yake mzazi alimwambia vumilia… mgala muue na haki yake mpe, jamani, na yeye Suqin alimpa nini? Alimpa kiti cha pembeni mwa meza kila mwaka mpya, wageni wakiuliza habari ya shingo anajibu, "Zawadi ya mama mkwe hii," watu wanacheka, na kizee anainamisha macho kwenye bakuli la wali, hajawahi kujitetea, hata siku moja, hata siku ile Genlin alipompeleka kituoni alisema tu, "Ni haki yake, mke wako, nilimharibu mimi"… Mungu wangu, naye aliamini! Ameamini miaka yote hii, anaamini hata sasa hivi, amekaa kwenye kiti chake huko anaangalia mvua na kuamini.

"Shangazi, unalia? Nimekuumiza?"

"Hapana, mwanangu. Bado sana?"

"Una haraka ya nini?"

"Kuna mtu lazima niende nikamwambie hakunikosea kitu."

"Basi tulia," asema Lijuan, "bado upande wa kushoto."