Kiatu Kilichobaki Chini ya Stuli

Mimi nina mdomo. Nianze hapo hapo, maana ningekuwa mtu wa kunyamaza, mamangu asingeanguka. Nyumbani wananiita Kiberiti tangu nikiwa darasa la pili, na sijawahi kulikataa jina hilo.

Kazi yangu ni ususi. Saluni yangu ina viti viwili vya kupandisha: unakanyaga pedali, mteja anapanda mpaka kichwa chake kinafika kifuani kwako, unamsuka bila kuumia mgongo. Na pale kwangu kuna amri moja tu. Mteja hashuki mpaka nimshushe. Hata simu yake iite, hata awe anachelewa harusi yake mwenyewe, nitamshika bega nimwambie, "Tulia, mama, nikushushe kwanza." Miaka kumi na moja hajaanguka mtu. Sasa sikiliza nilichomfanyia mamangu mzazi.

Tangu Baba afariki, kila Jumamosi mchana nilikuwa namtoa Mama kwenda kula. Anaishi peke yake kwenye nyumba yake, anapunguza suruali za watu kwa cherehani ya miguu, analala akitaka, anaamka akitaka. Lakini Jumamosi ikifika saa sita, unamkuta barazani amekwisha kuvaa, mkoba mapajani. Tunakula, tunawasema watu weee, halafu namrudisha.

Kaka hakupenda. Kaka ndiye mkubwa wetu, na sisi tunamwita Mkaguzi, kwa sababu hawezi kuingia nyumba ya mtu asitikise meza kuona kama imesimama sawa. "Mama ana miaka sabini na nne," aliniambia si mara moja. "Unamzungusha mjini kama mwanasesere. Siku akiumia utanijibu nini?" Nikamwambia ni wivu tu, na yeye amtoe basi. Hakumtoa.

Jumamosi hiyo tulikwenda kwenye mkahawa mpya, mtaa wa pili kutoka saluni. Dirishani waliweka ubao mrefu na stuli ndefu, zile zinazonifika kiunoni, hazina mgongo, na pa kukalia ni padogo kama sahani. Mhudumu alikuwa mtu mzima, ndevu zimeanza mvi. Alimtazama Mama, kisha akanigeukia. "Dada, kule ndani kuna meza za chini. Mama atakaa vizuri zaidi."

Meza za chini zilikuwa karibu na mlango wa jikoni. Mimi nilikuwa na gauni jipya, na nilitaka wateja wangu wanaopita barabarani wanione. Nalisema lilivyo, silipambi. "Mamangu si mgonjwa," nikamjibu. "Atakaa hapa."

Mama aliitazama ile stuli. "Kiberiti, mimi nipande mlingoti?"

"Mama, usinitie aibu. Panda."

Nikamsukuma kwa nyuma akapanda, tukacheka wote wawili. Ule ufito wa kuwekea miguu ulikuwa chini mno kwake, yeye ni mfupi, kwa hiyo miguu ikabaki inaning'inia. "Nimerudi utotoni," akasema, akaibembeza. Alivaa viatu vyake vyeusi vya kifungo. Kifungo cha kushoto kilikuwa kimelegea, na mimi ndiye niliyemwahidi miezi mitatu nyuma kwamba nitakipeleka kwa fundi.

Supu ikaja baridi. Basi, ikawa vita. Nilimwita yule mhudumu, nikageuka mzima mzima, nikampa Mama mgongo. Nilimwuliza kama kwao supu hunywewa kwa barafu. Nilimwuliza kazi hii alifundishwa na nani. Watu wakaacha kula wakawa wananitazama, na mimi nikitazamwa ndiyo kwanza naongeza moto.

Mama akanivuta mkono wa gauni. "Mwanangu, basi. Nishushe twende zetu."

Nilimsikia. Nikamjibu bila kugeuka, "Ngoja, Mama, nimfundishe huyu kazi."

"Kiatu kimeanguka," akasema.

Hilo nalo nililisikia. Kilichofuata kusikika ni stuli kugonga sakafu.

Alikuwa ameinama kukitafuta kiatu kwa ncha ya mguu. Nilipogeuka alikuwa amelala ubavu, mkono umekunjika chini yake, macho yamemtoka kunitafuta mimi. Na unajua nilifanya nini kwanza? Nilimpigia kelele mhudumu. "Umeona ulichokifanya?" Mbele ya watu wote. Yeye alikuwa amekwisha kupiga magoti, amekishika kichwa cha Mama, anasema tusimwinue kwa pupa, tumwulize kwanza wapi panauma.

Hospitali walisema kifundo cha mkono kimevunjika, nyonga imevimba lakini haikuvunjika, mshukuru Mungu. Wakamfunga plasta. Hapo ndipo Kaka akapiga simu. Niliishika ile simu mdomo umenikauka, mimi, Kiberiti. Mama akanyoosha mkono wake mzima. "Lete."

Nikampa.

"Mkubwa wangu, usihangaike," akamwambia. "Nimeteleza bafuni, nyumbani." Alikuwa ananitazama anaposema.

Nilishusha pumzi. Mengine yote ningeweza kuyatafutia maneno, lakini hilo sina pa kuliweka. Mamangu yuko kitandani na mkono wa plasta, ananidanganyia, na mimi nashusha pumzi.

Kesho yake asubuhi Kaka alikuja nyumbani kwa Mama na futi ya kupimia. Akaingia bafuni. Sakafu ya mle ni saruji ya kukwaruza, hata ukimwaga mafuta huwezi kuteleza. "Uliteleza wapi hapa?" akauliza.

"Sabuni," Mama akasema.

Dada, wa katikati yetu, alikuwa anapanga vitu chumbani. "Mama, kiatu chako cha kushoto kiko wapi?"

"Kimebebwa na mbwa wa jirani."

Jirani hana mbwa. Hakuna aliyefuatilia, maana Kaka alikuwa amekwisha kumpata mkosaji wake. Bafuni kwa Mama kuna kigoda cha mbao alichotengeneza Baba, kifupi, hakifiki hata goti. Mama hukikalia akioga, na amekikalia zaidi ya miaka thelathini. "Ndicho hiki," Kaka akasema. "Kimekaa katikati ya njia. Umejikwaa."

Kisha akatoa hukumu. Mama hawezi kukaa peke yake tena. Jumanne ya wiki ya tatu atamhamishia kwake, nyumba watapewa watu wengine wakae. Cherehani haina nafasi kule, na hata hivyo mkono wenyewe ndio huo.

"Sawa, mwanangu," Mama akasema. Mamangu, ambaye sijawahi kumsikia akimwambia mtu sawa bila kubishana kwanza.

Mimi nilikuwepo. Nilisimama mlangoni, nimeegemea fremu. Neno moja tu lilitosha: nyumba haina kosa, bafu halina kosa, nilimweka juu mwenyewe nikakataa kumshusha. Nikatazama chini. Njiani nilijiambia nitasema kesho. Kesho ikawa kesho kutwa, kesho kutwa ikawa wiki. Jumamosi ilipofika nilijua yuko barazani, nikaipa saa sita nafasi ipite, saa saba nikapiga simu. "Mama, leo wateja wamejaa." Alikuwepo mteja mmoja tu. Jumamosi iliyofuata nikafanya vile vile. Mara zote mbili alinijibu, "Haya, mwanangu, kazi njema." Na mimi sikutaka kumwona, kwa sababu ya ile plasta.

Jumanne yenyewe nilifungua saluni asubuhi kama siku zote. Nilitakiwa kwenda kusaidia kufunga vitu mchana. Nilikuwa na mama mmoja kitini, juu, nammalizia msuko wa mwisho. Simu yake ikaita kwenye mkoba kule mezani, akataka kuruka. Nikamshika bega. "Tulia, mama, nikushushe kwanza."

Yakanitoka kama kawaida, na masikio yangu yakayasikia. Msuko ukanikwama mkononi. Mteja akaniuliza kama naumwa, nikasema hapana. Nikamshusha taratibu mpaka chini kabisa, nikavua aproni, nikafunga mlango, nikaenda kwenye ule mkahawa.

Yule mhudumu aliponiona hakunipa hata nafasi ya kusalimia. "Mama anaendeleaje?"

"Mkono umevunjika."

Akatikisa kichwa. Akainama chini ya kaunta akatoa kiatu kimefungwa kwenye gazeti. "Kilibaki chini ya stuli. Nilijua mtakuja. Kifungo nimekishona, kilikuwa kimelegea."

Nilikuwa nimejipanga na maneno, yakapotea yote. "Nisamehe," nikasema. "Ile supu..."

"Supu ilikuwa baridi kweli," akasema. "Lakini kosa ni langu. Nilikuambia mara moja, ukakataa, nikanyamaza. Ningekuambia mara mbili. Siku hizi mzee akiingia namshika mkono moja kwa moja mpaka meza za chini, wenzake wanune wasinune."

Siku kumi na saba huyu mtu alikuwa anajilaumu kwa kosa langu, na bado akakaa akanishonea kifungo. Nilitoka pale siwezi kumtazama usoni.

Nilipofika kwa Mama, gari la Kaka lilikuwa mlangoni, buti wazi. Dada alikuwa sebuleni anakunja magauni kuyatia begini. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka na kufungwa kamba. Mama alikaa kwenye benchi barazani, mkono umening'inizwa kwa kitambaa shingoni, kandambili miguuni. Kaka akatoka ndani amekibana kigoda kwapani.

"Unakipeleka wapi?" nikamwuliza.

"Kutupa. Kimemvunja Mama mkono, unataka nikiweke sebuleni?"

Mama alikifuata kigoda kwa macho mpaka kwenye ngazi. Akaibana midomo.

Nikamzuia Kaka njia. "Kirudishe. Hakina kosa."

"Kiberiti, nipishe."

Nikakitoa kiatu kwenye gazeti, nikakiweka juu ya kile kigoda, pale pale kwapani kwake. "Mama hakuanguka bafuni. Nilimpeleka mkahawani nikamkalisha kwenye stuli ndefu. Mhudumu alinikataza. Kiatu kikamvuka kwa sababu sikukipeleka kwa fundi. Mama aliniambia nimshushe, nikamwambia ngoja, nilikuwa nagombana na watu kwa sababu ya supu." Niliyasema kwa pumzi moja, ningesimama katikati nisingemaliza.

Kaka akamgeukia Mama. "Kweli?"

Mama alikitazama kiatu. "Kifungo kimeshonwa," akasema.

Nilisubiri makelele. Nilikuwa nimejiandaa, hata niliyataka. Kaka akakiweka kigoda chini, akakikalia, lile jitu zima, magoti yakamfika kidevuni. "Nimemfungia Mama cherehani yake kwa kamba," akasema polepole. "Nimempa mtu ahadi ya nyumba. Na wewe ulikuwepo. Ulisimama mlangoni pale."

"Ndiyo."

"Ukaniacha niendelee tu."

"Ndiyo, Kaka."

Dada, aliyekuwa amesimama na gauni mkononi, akageuka akarudi ndani. Tulisikia kabati likifunguliwa, akaanza kurudisha nguo moja moja.

"Na wewe, Mama," Kaka akasema. "Ulikuwa tayari kuiacha nyumba uliyojenga na Baba, kumfichia huyu?"

Hata mimi nilidhani hivyo. Niseme ukweli, ndani yangu nilikuwa nimelishika jambo hilo kama kitu cha kujifariji, kwamba mamangu ananipenda kiasi hicho.

"Nani kasema namfichia?" Mama akasema. "Ningesema nimeangukia mkahawani, ungempiga marufuku kunitoa. Nakujua. Nami wiki nzima sina siku nyingine ila Jumamosi. Nikaona afadhali nyumba iende, Jumamosi ibaki."

Kaka akainamisha kichwa. Mama akanigeukia mimi.

"Jumamosi mbili nimevaa," akasema. "Lile gauni la vifungo mgongoni, kwa mkono mmoja, mwanangu, ni kazi ya saa nzima. Nikakaa hapa. Ukapiga simu, ukasema wateja wamejaa. Nikasema, wateja huisha. Nikakaa mpaka saa tisa."

"Alikuwepo mteja mmoja tu, Mama," nikasema. "Jumamosi zote mbili."

"Najua. Nilisikia redio yako. Saluni ikijaa huwa haisikiki."

Nikapiga magoti, nikamvua kandambili, nikamvisha kile kiatu. Mguu wake ulikuwa umekanyaga chini vizuri, imara kabisa. Nikafunga kifungo, kikashika. Nilibaki nimeinama pale kwa sababu sikuweza kuinua uso. Akaniwekea kichwani mkono wake mzima, si kunibembeleza, kama mtu anayejishikiza ili asimame.

"Jumamosi usipige simu," akasema. "Njoo."