Mwili wa Radi

Radi alikuwa mwimbaji wa kujaza viwanja, na walipomtengenezea mchezo wa kompyuta wakamfanya jasusi: aruke mapaa, apige mateke, abingirike na kuinuka kofia ikiwa kichwani. Uso ulikuwa wake, sauti yake. Mwili ulikuwa wa Unyoya.

Unyoya alinengua nyuma ya Radi miaka tisa, na jina hilo alipewa kwa kutua kwake bila kishindo. Watengenezaji walimvika nguo ya kubana yenye vitone vyeupe, kamera zikamzunguka kunasa miondoko yake, akaruka kutwa nzima kwa siku nne. Siku ya tano walitaka aanguke kutoka juu ya jukwaa.

"Rudia, dada," fundi wa kamera alisema.

Akarudia. Mara ya kumi na moja goti lilialika kama kijiti kikavu, wakambeba.

Alipasuliwa mara mbili, lakini mguu haukukunjika tena. Radi alimletea maua, akaahidi kurudi. Kwaheri yake ilikuwa ya kuonana, lakini hawakuonana tena. Jukwaani akapanda mnenguaji mwingine. Ukiona vyaelea vimeundwa, lakini nani huuliza habari za muundaji?

Mwaka uliofuata Unyoya alisikia mchezo wa pili unatengenezwa. Akashika mkongojo, akapanda ghorofa tatu kwa ngazi, akamkuta fundi yule yule.

"Kuruka siwezi," alisema, "ila naweza kumfundisha atakayeruka. Bega la Radi linavyotangulia, nalijua mimi tu."

Fundi alikuna kisogo. "Dada yangu, safari hii hatuhitaji mtu. Miondoko yako yote tunayo humu. Mashine yenyewe inaikata na kuiunga upya."

"Hata ile ya mwisho?"

Fundi akainamisha macho. "Ile ndiyo tunayoitumia Radi akiuawa."

Unyoya aliomba kuiona. Kwenye skrini Radi akaanguka, akakaa, akashika goti. Unyoya akasema asante, akashuka ngazi kwa makalio, kidato baada ya kidato, huku wenye haraka wakimruka.

Nyumbani mama yake alikuwa mlangoni. "Haya, wamesemaje?"

"Wamesema wanaendelea na mimi, mama."

"Unaona! Si nilikwambia?" Mama alipiga vigelegele hadi majirani wakachungulia, kisha akaingia ndani mbio kumpigia pasi nguo za kazi.

Unyoya alikaa kizingitini, akasikiliza pasi ikipita na kurudi.