Magoti ya Kuazima

Akina Kamugisha wa Goba walikuwa na kikao cha ukoo kila Jumapili baada ya misa, na lau mwizi angeingia saa hiyo angebeba mpaka jiko. Walikuwa wote ndani ya nyumba moja, lakini kila mtu kajifungia kivyake. Shangazi Filomena chumbani kwake, binti yake Demetria jikoni, baba mdogo mmoja stoo katikati ya magunia ya mkaa, mwingine ndani ya gari uani, vioo vimepandishwa. Usoni wamevaa lile dude jeusi wanaloliita miwani, linaloziba macho yote mawili, na humo ndani ya miwani ndimo kikao kilimofanyika: ukumbi mkubwa wenye zulia jekundu na migomba dirishani, uliotengenezwa na Baba Mkubwa Leonardi huko huko Ujerumani anakoishi. Mwanzoni walijaribu kukaa pamoja sebuleni. Baba mdogo akanyoosha mkono kuomba kusema, akamtia Demetria kidole puani. Tangu siku hiyo kila mtu na chumba chake.

Ungewauliza kulikoni, wangekujibu kwamba Baba Mkubwa kasema, na hapo maswali yameisha. Ndiye aliyesomesha nusu yao, ndiye aliyewatumia hizo miwani, na bila neno lake hakuna anayeoa wala kuolewa. Sasa Brightson, mtoto wa marehemu mdogo wake, alitaka kumwoa Sekela. Ndivyo Sekela wa watu, mwalimu wa darasa la pili kule Wazo, alivyojikuta ameingia kwenye vituko hivi.

Si kwamba Sekela alikuwa mtu wa kushindwa salamu. Kwao Tukuyu mtoto wa kike anapiga magoti kabla hajajua kuhesabu. Tatizo lilikuwa goti lake la kulia, lenye chuma ndani tangu mechi ya netiboli ya walimu dhidi ya watu wa benki. Mguu ule ulitembea vizuri tu, ila kukunja haukukunja. Brightson alijua. Ukoo haukujua, na Sekela hakutaka ujue, maana Shangazi Filomena alishawahi kumkataa mchumba wa mtu kwa kosa la kupiga chafya mezani. Goba kwenyewe alikuwa hajakanyaga. Haruhusiwi mpaka mkuu wa ukoo amkubali. Na mkuu wa ukoo anapatikana ndani ya miwani tu.

Jumapili ya kwanza Brightson alimletea miwani nyumbani kwake Wazo, akamfundisha: ukifika mbele ya Baba Mkubwa, piga magoti, sema shikamoo, usiinuke mpaka uambiwe. Sekela akajaribu. Akashika meza, akainama kadiri mguu ulivyomruhusu. Kumbe ile miwani inajua kichwa kilipo na mikono ilipo, basi. Habari za miguu inabuni yenyewe. Ikaona kichwa kimeshuka kidogo, ikabuni. Mbele ya ukoo mzima, Sekela akaonekana amechanua miguu kama golikipa anayesubiri penalti.

Baba Mkubwa Leonardi alikuwa ameketi kwenye kiti kirefu, kanzu nyeupe, sauti nzito ya kutetemesha migomba. Mwili wake ulikuwa kamili, maana yeye peke yake alikuwa na vidude vya kufunga miguuni, vinavyoiambia miwani miguu imekaaje. Alikunja nne, na wakati anazungumza kwa uzito juu ya heshima ya wazee, mguu wa juu ulikuwa unadunda dunda, dunda dunda, kama wa mtu aliye kwenye bendi. Sekela alidhani ni baridi ya Ulaya. Shangazi Filomena alishasema zamani kwamba wakubwa wa huko ndivyo wanavyokaa.

"Magoti sijayaona," Baba Mkubwa alisema. "Jumapili ijayo aje na mwili mzima. Mkwe nusu mie simpokei."

Basi wakaenda Kinondoni kwa Badru, kijana anayeuza vifaa vya michezo ya kompyuta kwenye kibanda kidogo kilichojaa nyaya. Badru akawatandikia mezani.

"Sista, hivi vinaitwa treka. Viko vya aina mbili. Hivi vinaonwa na maboksi mawili unayoyapigilia juu ukutani, moja kona hii, moja kona ile. Vikisema goti liko hapa, liko hapa. Ila chumba kisiwe na kioo hata kimoja, vitachanganyikiwa."

Sekela akafikiria kabati lake la vyombo, lenye vioo mbele na nyuma, zawadi ya mama yake. Akatikisa kichwa.

"Hivi vingine havina ishu na vioo. Unafunga kiunoni, mapajani, kwenye miundi na kwenye nyayo. Kila kimoja kinasikia chenyewe kimegeukia wapi na kimelala vipi. Wapi kilipo hakijui. Kichwa kiko wapi, miwani inajua, halafu miguu inaning'inizwa kutoka hapo kushuka chini."

"Kama nguo kwenye kamba," Brightson alisema.

"Hivyo hivyo, braza. Ila visikae karibu na chuma kikubwa kama kitanda, vinapotea mwelekeo. Na baada ya muda miguu inaanza kujigeukia yenyewe pole pole. Ikifanya hivyo simama wima, uanze upya."

Wakachukua hivyo vya kuning'inia.

Jumamosi ilikuwa ya kuhangaika. Vitanda vya chuma vikatolewa nje vikapigwe na vumbi la kiwanda cha saruji. Dirisha lina nondo, kwa hiyo wakahamia katikati ya chumba. Mikanda iliyokuja na vile vidude ilikuwa mifupi, Bupe, mdogo wake Sekela, akakata lastiki za sketi mbili za zamani. Halafu mashine ikataka Sekela asimame kama yuko gwaride, asipumue sana, kisha ainame kidogo kama mtu aliyetaka kukaa kwenye kigoda akasita. Mara ya kwanza mguu wa kushoto ukatokea kichwani. Mara ya pili nyayo zikatazamana. Bupe alicheka mpaka akakaa chini. Mwishowe miguu ikakaa sawa, na Sekela, akijitazama kwenye kioo cha ule ukumbi, akainua mguu, na mguu wa mle ndani ukainuka.

"Haya, piga magoti," Brightson alisema.

Akapiga kama anavyoweza: goti la kushoto chini, mguu wa kulia umenyooka mbele, mkono mmoja sakafuni. Na mashine, ambayo wiki iliyopita ilimsingizia, sasa ikasema kweli tupu. Kwenye kioo aliketi mwanamke aliyeunyoosha mguu mbele ya kiti cha mkuu wa ukoo, amestarehe kama yuko ufukweni. Sekela akavua miwani. Machozi yalikuwa yanamlenga, akaona aibu kulia kwa sababu ya katuni.

"Nitamwambia ukweli Baba Mkubwa," Brightson alisema.

"Umwambie nini? Mchumba wangu mbovu?"

Bupe alikuwa bado sakafuni, amekunja magoti yake yote mawili vizuri kabisa. "Dada," alisema, "mie magoti ninayo, na sina kazi nayo."

Wakatazamana. Vile vidude havijui vilipo. Havijui hata viko kwa nani.

Wakavifunga kwa Bupe. Sekela akavaa miwani, na tumbo na kichwa vikawa vyake, kiuno kushuka chini kikawa cha Bupe. Wakafanya mazoezi mpaka jasho. Ilibidi Bupe akipiga magoti, Sekela naye akae kwenye kigoda papo hapo, kichwa kishuke. Asiposhuka, anaonekana amepiga magoti hewani. Akishuka peke yake, miguu inazama kwenye zulia. Ishara ilikuwa neno shikamoo. Kufika jioni walikuwa wamepatana kiasi kwamba Brightson aliyekuwa anatazama kupitia simu alisema hajawahi kuona binti mwenye adabu namna ile.

Jumapili ikafika. Brightson alikuwa Goba, amejifungia bafuni, ndiyo nafasi iliyokuwa imebaki. Kule Wazo, Sekela alisimama katikati ya chumba na Bupe nyuma yake, wote wametazama upande mmoja. Ndani ya ukumbi, ukoo ulikuwa umejipanga. Mguu wa Baba Mkubwa ulidunda. Shangazi Filomena akaanza kusoma muhtasari wa kikao kilichopita, na Sekela akasubiri, mikono kifuani.

Ndipo Mama Munira, mwenye nyumba, akasukuma mlango kuulizia ufunguo wa tangi la maji.

Bupe ni mtoto aliyelelewa. Kaona mtu mzima kaingia. Hakuwaza ukoo, hakuwaza treka. Akageuka nyuma, akapiga magoti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo? Na nyumbani Tukuyu wanasemaje? Baba kifua kimepoa?"

Mama Munira anapenda salamu ndefu. Na Bupe hawezi kuinuka mtu mzima hajamaliza.

Mle ukumbini, Sekela alikuwa ananing'inia hewani. Kuanzia kiunoni kwenda juu alimtazama Baba Mkubwa kwa heshima zote. Kuanzia kiunoni kwenda chini alimgeuzia mgongo na kuupigia mlango magoti. Sekela akainamisha macho, akaviona visigino vyake mwenyewe.

"Yesu na Maria," alisema baba mdogo wa stoo.

"Anampa Baba Mkubwa makalio!" Shangazi Filomena alipiga kelele. "Mbele ya ukoo! Makalio!"

"Nani huyo mama anayesalimiwa?" Baba Mkubwa aliuliza. "Ni mie?"

Sekela angeweza kuivua miwani na yote yakaishia hapo, Brightson akatafutiwa mwingine mwenye magoti. Akaona hapana. Uongo wenyewe ulikuwa umeshamgeuzia mgongo.

"Baba," alisema, "samahani. Magoti haya si yangu. Ni ya mdogo wangu. Kaingia mtu mzima hapa, kamsalimia. Mie goti langu lina chuma, halikunji, na halitakunja. Niliogopa kusema. Nisameheni."

Demetria, aliyekuwa anacheka jikoni, akakata kicheko. Kilichosikika ni Mama Munira anayeuliza bei ya mchele wa Kyela, na kilichosogea ni mguu wa Baba Mkubwa, dunda dunda, dunda dunda.

Baba Mkubwa akakohoa. Akasema jambo kwa Kijerumani, si kwao, kwa mtu wa pembeni. Mguu ukasimama.

"Na hii si yangu," alisema.

"Nini si yako, kaka?" Shangazi aliuliza.

"Miguu. Ni ya kijana anayekuja kunihudumia. Huwa ananivalia vidude, huku anasikiliza mziki wake." Sauti ilikuwa imeshuka, imekuwa ya mzee wa kawaida. "Mie nimelala kitandani tangu mwaka juzi, Filomena. Upande mmoja wa mwili uligoma. Kwenye simu mngeona kitanda. Huku ndani, nikiegemezwa mito, nilikuwa nakaa kitini, mnanisalimia, naona kama niko nyumbani."

Halafu Shangazi Filomena, yule wa chafya, akauliza kwa sauti ndogo ambayo Sekela hakuwahi kuisikia kwake:

"Kaka, nani anakuogesha?"

"Huyo huyo."

Kisha Baba Mkubwa akasema, "Binti, vaa miguu yako. Na mie navalishwa yangu. Tuanze upya."

Ukoo mzima ukasubiri. Kule Wazo, Bupe alivua mikanda na kumfunga dada yake, Mama Munira akisaidia kushika lastiki bila kuelewa kitu. Sekela akasimama gwaride, akainama, akasita. Ukumbini, Baba Mkubwa alianza kuteleza kutoka kwenye kile kiti kirefu, pole pole, mpaka akalala chali juu ya zulia jekundu, kanzu imetanda, miguu miwili imelala sambamba haidundi.

Sekela akamsogelea. Akashuka chini kama anavyojua, goti moja sakafuni, mguu wa kulia umenyooka. Haukuonekana tena kama wa mtu wa ufukweni, maana sasa walikuwa wawili pale chini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Brightson ana bahati. Karibu kwetu."

Kule bafuni Brightson alisikika akigonga kichwa kwenye sinki, na Sekela akacheka huku analia, miwani ikaingia ukungu. Alipoona tena vizuri, Shangazi Filomena alikuwa ametoka kwenye mstari, amesogea mpaka pembeni yao. Hakuwa na vidude vyovyote mwilini. Alisimama mbele ya kaka yake aliyelala, miguu ameichanua huku na huku kama golikipa anayesubiri penalti, uso wake wa katuni umeinama, mabega yanatikisika.

Hakuna aliyecheka. Sekela alijua kabla ya wote kwamba kule Goba, chumbani kwake, shangazi amepiga magoti. Akasogea kidogo, akampisha nafasi.